Kofi Nililoliita Nzi

Mliosoma wiki jana mnakumbuka niliwaacha wapi. Shimelis alikuwa ameushika mkono wa kulia wa mwanangu Eyob, ameuweka kwenye fremu ya mlango wetu wa chuma, na mimi niko chini nimemkumbatia miguu nikimsihi kwa jina la Bikira.

Aliubamiza mlango mara tatu.

Mara ya kwanza Eyob alipiga kelele. Mara ya pili nilipiga kelele mimi. Mara ya tatu ulilia mlango peke yake.

"Haya," Shimelis akasema, akihema. "Sasa tuone hilo gari lako litaendeshwa na nani."

Akaingia ndani, akainyanyua kompyuta, akaipiga sakafuni. Akaikanyaga mpaka ikatoa vya ndani kama kuku aliyepasuliwa.

Kwa ambaye leo ndiyo mara ya kwanza kunisoma: mimi ni Askale, mjane wa Tilahun, dereva wa malori aliyekufa kwenye barabara ya Jibuti miaka kumi na miwili iliyopita. Nimesoma mpaka darasa la sita. Nina mtoto mmoja tu. Hilo liwekeni kichwani, maana yote niliyoyatenda yametoka hapo.

Eyob alifungua chumba cha michezo ya kompyuta hapa kwetu Shiro Meda, Addis Ababa, kwenye chumba cha mbele. Shimelis ana chake ng'ambo ya barabara, kikubwa kuliko chetu. Mdogo wake Robel ndiye aliyekuwa bingwa wa mbio za magari ya kwenye kioo cha kompyuta. Hakuna aliyewahi kumshinda, mpaka Eyob alipotengeneza akili ya kompyuta, gari likawa linajiendesha lenyewe, likamwacha Robel nyuma mbele ya watu.

Mtaa mzima ulicheka. Na kicheko cha mtaa, mkimcheka mtu kama Shimelis, hulipwa kwa damu.

Wazee walikaa siku ya tatu yake. Kwetu mtu hamkimbizi jirani yake polisi kabla wazee hawajakaa. Mkubwa wao ni Gashe Worku, mwenye fimbo. Alikuwepo pia Abba Lisanu, padri wangu wa maungamo, anayezisikiliza dhambi zangu huu mwaka wa kumi na tisa.

"Huyu ni tapeli," Shimelis akaanza. "Gari halijiendeshi. Alikuwa anabonyeza chini ya meza."

"Mikono yangu ilikuwa kichwani!" Eyob akasema. Bendeji ilikuwa imemfika kwenye kiwiko.

"Mikono kichwani. Na vidole vya miguu je?"

Watu wakacheka. Gashe Worku akagonga fimbo.

"Dawa yake ndogo. Gari litashindana tena na Robel, mbele yetu. Eyob atakaa kati yangu na Abba. Mkono mmoja umeshavunjika, huo mwingine nitaushika mimi. Gari likishinda, kijana alisema kweli, na wewe Shimelis umemvunja mtu asiye na kosa. Utabeba jiwe. Likishindwa, kijana ni mwongo. Atahama mtaa."

Kubeba jiwe si mchezo. Mkosaji hujiwekea jiwe shingoni, akaenda ameinama mpaka mbele ya aliyemkosea, akapiga magoti na kuyataja makosa yake yote bila kubakiza hata moja. Aliyekosewa hulitoa jiwe kwa mkono wake mwenyewe, akasema nimesamehe. Hapo ugomvi umezikwa. Lakini aliyeficha kosa, jiwe humrudia yeye na watoto wake. Hata majambazi hulionea hofu.

"Nimekubali," Shimelis akasema.

Watu walipoanza kutoka alinisogelea, akaniinamia sikioni kama mtu anayemsalimu shangazi yake.

"Likishindwa, mama, ahame siku hiyohiyo. Nikimkuta kesho yake, sitahangaika na mkono. Shingo."

Tukapewa siku kumi na nne.

Rafiki mmoja wa Eyob alituazima kompyuta kuukuu na usukani wa plastiki. Alivitua mlangoni, akaondoka mbio, hata kahawa hakunywa.

"Ile akili ilikufa na kompyuta," Eyob akaniambia. "Lazima ifundishwe upya. Inajifunza kwa kumtazama mtu anayeendesha. Kila sekunde inapiga picha kumi za barabara, na kwenye kila picha inaandika usukani ulikuwa umekatwa vipi. Ikiona nyingi za kutosha, inajua: barabara ikiwa hivi, kata hivi."

"Basi mwite mtu aendeshe."

"Nimewaita saba, Mama. Wote wanaumwa tumbo."

Kisha akanitazama. Nikaelewa, nikasimama.

"Mimi? Mimi sijaendesha hata mkokoteni!"

"Mkono wako hautetemeki. Nimekutazama ukimimina kahawa tangu nizaliwe. Sijaona tone chini."

Siku mbili za kwanza niliua watu wengi. Wa kwenye kioo, Mungu shahidi yangu. Niligonga nguzo, niligonga maduka, nilipanda ngazi za benki na gari.

"Mama, kanyaga mafuta!"

"Si nimekanyaga!"

"Hiyo breki! Mama, hata punda wa kuni wanaoshuka mlima Entoto wanatupita!"

"Punda wa Entoto hawapigiwi kelele masikioni."

Siku ya tatu gari likanikubali. Ilikuwa Kwaresima, nilikuwa natoka kanisani saa tisa alasiri, nakula injera na shiro, naomba, naushika usukani mpaka jua linazama. Sikugonga tena kitu. Nikawa nasikia raha, na hiyo nayo niliiungama.

Ndipo Eyob akaniambia jambo la ajabu.

"Sasa toka barabarani makusudi. Halafu urudi."

"Nani humfundisha mtoto kupotea?"

"Siifundishi kupotea. Naifundisha kurudi. Ikizoea barabara iliyonyooka tu, siku ikiteleza kidogo haitajua la kufanya. Itajiua ukutani."

Basi nikawa napotea na kurudi, napotea na kurudi, mpaka jua likazama.

Siku ya sita Eyob alikwenda zahanati kubadilishiwa bendeji. Nilikuwa peke yangu usukanini. Mlango ukafunguliwa. Nilimjua kwa viatu.

"Ohoo! Kumbe dereva mwenyewe ndiye huyu bibi wa kanisani!"

Sikugeuka. Nilikuwa naingia kona ya tatu.

"Mama Eyob, toka kwenye kiti."

"Mzunguko wangu haujaisha."

"Nimesema toka."

"Nenda kwa amani, Shimelis. Watu tumefunga."

Alinizaba kofi la sikio.

Sijawahi kupigwa na mwanamume. Marehemu hakuwahi kuniinulia hata sauti. Kichwa kiligonga ukuta, sikio likapiga kengele, damu ikanitiririkia shingoni na kuingia kwenye mtandio wangu mweupe. Gari likayumba kushoto. Nikalirudisha barabarani. Kona ya nne. Kona ya tano. Nikaumaliza mzunguko, nikaanza mwingine.

Alisimama nyuma yangu kitambo. Sikumsikia akicheka.

"Mwanamke, wewe si mzima," akasema taratibu. Akatoka, akaufunga mlango polepole kama mlango wa mgonjwa.

Nikafua mtandio. Nikaosha sikio. Eyob aliporudi, akapitia picha za siku hiyo.

"Mama, hapa kona ya tatu gari limeyumba vibaya. Ilikuwaje?"

"Nzi."

"Nzi mmoja tu?"

"Alikuwa mkubwa."

Akacheka. Nami nikacheka, upande mmoja wa uso. Nilijiambia nauzima moto. Ningemwambia kweli, angetoka na kisu kwa mkono wake wa kushoto, na kabla ya giza ningekuwa natafuta sanda.

Siku ya tisa akili ikaendesha yenyewe kwa mara ya kwanza. Tulikaa tukitazama, mikono magotini. Usukani ulikuwa unakata wenyewe, taratibu, kwa mtindo wangu kabisa.

Kona ya nne gari likapunguza mwendo. Likaelemea kushoto, likaparuza ukingo wa barabara, kisha likaendelea na safari. Mzunguko wa pili, palepale, likafanya vilevile.

"Nini hiki?" Eyob akauliza. "Lina ugonjwa gani?"

Mimi nilishajua.

"Eyob, pale pana kanisa."

"Kwa hiyo?"

Kwenye mji ule wa kwenye kioo, kona ya nne, lipo kanisa kubwa lenye msalaba juu. Nani kwetu hupita kanisa bila kuinamisha kichwa na kufanya ishara ya msalaba? Awe kwa miguu, awe ndani ya basi, hata mwizi anayekimbizwa. Miaka hamsini na mmoja nafanya hivyo. Mkono wa kulia ulikuwa unatoka usukanini wenyewe, paji la uso, kifuani, begani. Wa kushoto unabaki unavuta. Mguu nao unalegea.

"Umepita pale mara ngapi?"

"Mia nne."

Eyob alicheka mpaka mkono ukamuuma, kisha akalia.

"Mama, umelibatiza gari!"

Zilibaki siku tano. Nikaenda kwa Abba Lisanu.

"Kanisa la kwenye kioo?" akauliza. "Lina tabot ndani?" Tabot ndicho kibao kitakatifu kinacholifanya kanisa liwe kanisa.

"Sijui, Abba. Sijawahi kuingia. Napita kwa kasi."

"Bila tabot madhabahuni hilo ni jengo, binti yangu. Na hilo lako hata jengo si jengo. Pita."

"Mkono haunisikii."

"Basi ufunge."

Kabla sijainuka nikamwambia na habari ya nzi. Akaugeuzageuza msalaba wake mkononi.

"Mwambie Eyob."

"Baada ya mbio, Abba."

"Kabla."

"Kabla, Abba," nikajibu. Nikabusu msalaba wake, nikaenda nyumbani, sikumwambia.

Eyob alizifuta picha zote za kona ya nne. Mimi nikaufunga mkono wa kulia kwenye usukani kwa pindo la mtandio, mafundo mawili. Siku tatu nikapita lile kanisa bila kuinama. Kila nikilifikia mkono ulikuwa unavuta kama mbuzi aliyeona kisu. Kifundo cha mkono kikachubuka, kikatoa damu, nikafunga juu ya kidonda. Nilipita mara mia tatu na sitini.

Jumamosi ya mbio ikafika.

Chumba chetu cha mbele kilijaa, madirisha yakajaa. Gashe Worku aliushika mkono wa kushoto wa Eyob kama polisi. Robel akaketi, akaliza vidole, akaniangalia.

"Shikamoo mwalimu wa udereva! Mwanafunzi wako amekuja na leseni?"

"Anayo: moyo wa subira. Wewe unayo?"

"Oyaa, Robel!" mtu akapiga kelele dirishani. "Usipitwe na bibi!"

Shimelis alisimama ukutani. Alinitazama mara moja tu, akateremsha macho.

Mzunguko wa kwanza Robel alitangulia. Wa pili gari letu likamkaribia, likafika kona ya nne, likapita kanisa limenyooka kama uzi. Nikafanya ishara ya msalaba mwenyewe, kwa niaba yetu wote wawili.

Mzunguko wa tatu, wa mwisho, likampita.

Robel akatukana, akakata usukani, akaligonga ubavuni kwa nguvu zote. Gari letu likaruka nje ya barabara, likazunguka kwenye mchanga, likasimama linatazama ukuta.

"Kwisha!" watu wakapiga kelele. "Kwisha habari yake!"

Eyob akafumba macho. Mimi sikufumba.

Usukani ukasogea. Kidogo, kulia. Nikauona mkono wangu mwenyewe ndani yake, siku ile ya kupotea na kurudi. Gari likageuka, likatoka mchangani, likapanda barabara. Na Robel, ile nguvu aliyotugongea ilikuwa imempeleka kwenye nguzo, amepinduka, anapiga usukani ngumi. Likampita polepole. Likavuka mstari.

Sitaisahau kelele ile. Robel alinyanyuka na kiti, akampiga nacho mtu wa karibu aliyekuwa anacheka, akampasua kichwa. Akainua tena. Aliyemshika ni kaka yake. Shimelis alimzaba kofi, akamkalisha.

"Kaa. Tumeshindwa."

Kisha akatoka kwenda uani, sote nyuma yake, akachagua jiwe mwenyewe. Hakuchagua dogo.

Aliliweka shingoni, akaja ameinama kutoka getini mpaka miguuni kwa Eyob, jasho linadondoka kwenye vumbi. Akapiga magoti.

"Taja," Gashe Worku akasema.

"Nilimvunja Eyob mkono. Kwa mlango. Mara tatu."

"Endelea."

"Nilivunja kompyuta yake. Nilimwita mwongo mbele za watu, naye alisema kweli."

"Lipo jingine?"

Shimelis akalishika jiwe kwa mikono miwili.

Eyob alikuwa ameshaweka mkono wa kushoto juu ya jiwe. Macho yake yalikuwa na machozi. Namjua mwanangu: alikuwa ameshasamehe, lilibaki neno tu.

Shimelis akainua macho, akaniona nimesimama nyuma ya Eyob. Nikatikisa kichwa. Kidogo tu. Usiseme.

Aliniona. Najua aliniona. Lakini aliliogopa jiwe kuliko mimi.

"Na mama yake," akasema. "Nilimpiga kofi, amekaa anaendesha. La sikio. Alitoka damu, na hakuniachia usukani. Nisameheni kwa ajili ya Mungu. Hilo ndilo linaninyima usingizi."

Eyob akageuka, akanitazama sikioni, kisha machoni.

"Kona ya tatu," akasema. "Yule nzi."

Hapo palitakiwa neno moja kutoka kwangu. Lolote. Nikavuta mtandio, nikafunika sikio.

Akaliinua jiwe kutoka shingoni mwa Shimelis. Wanawake wa nyuma walipoliona jiwe liko juu, wakajua amesamehe, wakapiga vigelegele.

Jiwe likashuka ndani ya vigelegele.

Mlio wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa mlango. Shimelis alienda chini kifudifudi. Eyob akaliinua tena, likashuka tena. Na wa nyuma bado wanapiga vigelegele.

Kisha mtu akaona damu, na sauti zikabadilika.

"Namuua! Niachieni! Leo namuua!" Robel alikuwa ameng'oa nondo ya dirisha. Wanaume wanne wakamning'inia. Nondo ikampata mmoja mdomoni, meno yakaanguka. Abba Lisanu alisimama katikati ameunyoosha msalaba, nondo ikipita kushoto na kulia kwake.

Mimi nilikwenda kwa mwanangu. Vidole vyake vilikuwa vimekauka juu ya jiwe, ikabidi nivibandue kimoja kimoja. Nikalichukua. Nikapaka damu kwenye mtandio wangu, kifuani, mikononi, mpaka viwiko.

"Pita nyuma yangu," nikamnong'oneza.

"Mama..."

"Pita nyuma yangu, Eyob."

Polisi wawili waliokuwa sokoni waliingia wakikimbia. Mmoja akainama kwa Shimelis, akaweka vidole shingoni.

"Anapumua," akasema. "Kidogo."

"Nani amempiga huyu?" akauliza mwenzake.

"Mimi."

Alinitazama, akalitazama jiwe, akanitazama tena.

"Wewe, mama?"

"Alinipiga kofi. Amekiri mwenyewe sasa hivi, mtaa mzima umesikia. Nikashindwa kujizuia."

"Mwongo!" Robel akalia, wamemlalia juu. "Ni huyo kilema wake! Ni Eyob!"

"Wewe nani?"

"Ni kaka yangu huyo! Kaka yangu!"

"Basi kaa na uchungu wako. Nataka mtu asiye wa upande wowote." Akamgeukia Gashe Worku. "Mzee, wewe uliona nini?"

Gashe Worku aliitazama fimbo yake muda mrefu.

"Nilikuwa natazama mlima," akasema.

Nyuma yangu nilisikia Eyob akivuta pumzi ili aseme. Nikamkanyaga mguu kwa kisigino, kwa uzito wangu wote, mpaka pumzi ikarudi ndani.

Polisi akamwendea Abba Lisanu, akavua kofia.

"Abba, wewe hudanganyi. Ulikuwa umesimama hapa. Nani alilishika jiwe?"

Abba alimtazama Shimelis aliyekuwa akikoroma damu mavumbini. Akamtazama Eyob. Mimi alinitazama mwisho, na alinitazama kwa muda mrefu kuliko wote, kama anavyonitazama nikimaliza kuungama kabla hajaniambia adhabu yangu.

Akaubusu msalaba.

"Toa kalamu, uandike jina," akamwambia polisi.